Mpangaji amehama na kuacha panya weupe sita kizimbani: niwatunzeje? (Mtwara)

Mwalimu wa Chuno — 8 Februari

Salaam kwenu nyote, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mwalimu, mkazi wa Chuno, Mtwara Mjini. Mwishoni mwa mwezi uliopita kijana aliyepanga chumba cha uani katika nyumba ya jirani alihama usiku bila kuaga, na mwenye nyumba alipovunja kufuli siku ya nne alikuta kizimba cha mbao kilichozungushiwa wavu wa kuku, na ndani yake panya weupe sita waliokwisha kutafuna nusu ya ubao wa mbele. Kopo lao la maji lilikuwa kavu kabisa, na chini walikuwa wametandikiwa maganda ya korosho yaliyoloa mkojo. Nilikuwa nimekwenda kuazima ngazi, nikamkuta mwenye nyumba ameshika sufuria ya maji yanayochemka. Nilimwomba anipe wanyama wale, naye akanipa kwa sharti kwamba wasirudi tena uani kwake.

Nimekaa nao siku tatu sasa. Siku ya kwanza niliwawekea maji, wakanywa kwa zamu bila kugombana ingawa walikuwa na kiu ya siku nyingi, na jambo hilo lilinigusa sana. Nawalisha ugali na chakula cha kuku wa mayai ninachokuwa nacho nyumbani. Hata hivyo, wawili wanatokwa na kitu chekundu machoni na puani kama damu, na mmoja wao akipumua husikika mlio mdogo kama wa mtu anayebonyezabonyeza kalamu. Jike mmoja tumbo lake linazidi kujaa. Mama mkwe wangu, ambaye kwao ni Ruangwa na tunaishi naye, hataki hata kupita verandani walipo; anasema homa ya mgunda ililetwa na panya, na mimi sina la kumjibu kwa uhakika. Majirani wengi wananishauri nikawaachie kwenye mikorosho njia ya Mikindani, wajitafutie kama panya wengine.

Naomba mwongozo wa mtu anayewajua, kwa sababu sitaki niwe nimewaokoa na maji ya moto kisha niwaue kwa kutojua.

Mama Wawili, Mikindani — 8 Februari

Mwalimu, pole kwa mzigo na ahsante kwa moyo huo. Nimefuga panya weupe hapa Mikindani kwa miaka sita, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kabla ya chakula na kabla ya dawa, leo hii kabla hujalala, tenganisha madume na majike. Jike huwa tayari kupandwa kila baada ya siku 4 au 5, hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, mara nyingi huzaa watoto 8 hadi 12, na anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa 24 tangu azae, akiwa bado ananyonyesha wale wa kwanza. Watoto nao hupevuka mapema mno, baadhi yao wakiwa na wiki 5 tu. Watu wengi walioanza na panya wawili na kuishia kuwatupa walishindwa hapa, wala hawakuwa watu wabaya.

Kuwatambua si kazi. Mlaze panya juu ya kiganja chako, mkono mwingine ukimkinga asianguke. Dume mzima ana korodani kubwa zinazoonekana wazi chini ya mkia, hasa wakati wa joto kama huu, ilhali jike ana chuchu 12 zilizopangwa katika safu mbili. Usimshike mkia kamwe, hata akitaka kukuponyoka, kwa sababu ngozi ya mkia huvuka yote kama soksi na haioti tena. Madume wakae pamoja na majike wakae pamoja. Usimwache hata mmoja peke yake, kwani panya hulala kwa kulundikana na husafishana manyoya, na akikosa mwenzake hunyong'onyea hadi akaacha kula.

Hayo maganda ya korosho yatoe leo pia. Kila mtu wa kwetu aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza vidole, na panya huyo anayalalia usiku na mchana. Watandikie magazeti au karatasi zilizochanwachanwa. Usitumie maranda ya msonobari, kwa maana harufu yake tunayoipenda inatokana na mafuta yanayoumiza mapafu ya panya, wala makapi ya mpunga yenye vumbi. Badilisha matandiko kabla pua yako haijaanza kuwashwa na mkojo, kwani wao wako karibu zaidi na mkojo huo kuliko wewe.

Kile chekundu machoni si damu. Ni ute wenye rangi unaotoka katika tezi iliyo nyuma ya jicho, na panya mwenye nguvu huufuta mwenyewe kila anapojisafisha uso. Ukiuona umeganda, maana yake mnyama ana mfadhaiko au anaumwa, na hao wako nadhani wana vyote viwili. Wafute taratibu kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu.

Sasa nije kwenye joto, maana nimezika panya wengi kwa sababu ya joto kuliko ugonjwa wowote. Panya hatokwi na jasho kama sisi. Mkia ni mojawapo ya njia zake kuu za kutoa joto mwilini. Veranda iliyoezekwa bati mwezi huu wa Februari ni tanuri. Mimi huloweka chungu cha udongo usiku kucha, asubuhi nikakilaza ubavu ndani ya kizimba mahali penye kivuli, na ikifika saa saba mchana ninakuta panya wote wamejipanga humo, mikia yao ikining'inia nje ya mdomo wa chungu kama kamba za kindoo. Udongo unapokauka hunyunyizia maji tena. Ukimkuta panya amelala kifudifudi anahema mdomo wazi huku mate yakimtoka, mloweshe mkia na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, umpeleke penye upepo, na umpe maji ya kunywa tone kwa tone akishaanza kuinua kichwa.

Wavu wa kuku hautoshi. Panya mdogo kichwa kikipita mwili nao umepita, kwa hiyo tafuta wavu wa chuma ambao matundu yake hayazidi sentimita 1.2.

Afisa Mifugo Mstaafu, Lindi — 9 Februari

Marahaba, mwalimu. Nikupe ninayoyajua kutokana na kazi niliyoifanya.

Mheshimu mama mkwe wako katika jambo hili, kwa sababu hofu yake ina msingi. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha kwamba ugonjwa uliozuka Ruangwa ulikuwa homa ya mgunda, ambayo kitaalamu huitwa leptospirosisi, na katika watu 20 waliougua, 3 walifariki. Bakteria wake hukaa ndani ya figo za wanyama wengi, panya wakiwemo, lakini pia ng'ombe, nguruwe na mbwa, na hutoka nje pamoja na mkojo. Binadamu huambukizwa pale maji au udongo wenye mkojo huo unapogusa kidonda, jicho, pua au mdomo, na ndiyo maana watu wa mashambani wakaupa jina la mgunda, yaani shamba.

Panya aliyezaliwa kizimbani, asiyewahi kukutana na panya wa mitaani wala mkojo wao, si rahisi kuupata ugonjwa huu. Lakini hao wako hujui walikotoka, na kizimba cha wavu wa kuku kinaruhusu panya wa darini kuingia usiku kufuata mabaki ya chakula. Kwa hiyo vaa glovu unapobadilisha matandiko, funika kidonda chochote mkononi, nawa kwa sabuni, usioshe vyombo vyao kwenye karo la jikoni, na usiache chakula kikilala nje. Matandiko machafu yachomwe au yafukiwe mbali na kisima. Yeyote nyumbani akipata homa ya ghafla pamoja na maumivu makali ya misuli ya miguu, au macho yakawa mekundu au ya manjano, nendeni hospitali bila kuchelewa na mmweleze daktari wazi kwamba mnatunza panya, kwa kuwa ugonjwa huu hutibika kwa antibayotiki ukiwahiwa. Mwambie hivyo hivyo ukipata homa baada ya kung'atwa, maana kuna homa nyingine inayotokana na meno ya panya hata akiwa safi namna gani.

Kuhusu huyo mwenye mlio wa kalamu, mshike ubavu wake uguse sikio lako, usikilize kwa dakika nzima mahali pasipo na kelele. Panya wengi weupe hubeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis tangu utotoni. Hukaa naye kimya mpaka amonia (ile hewa kali ya mkojo), vumbi au mfadhaiko vimdhoofishe, ndipo kifua kinapoanza kulia. Maambukizi hayo hayaishi kabisa mwilini, ila yanatulizwa. Dawa zinazotumika mara nyingi ni doksisaiklini na enrofloksasini, lakini nakusihi usiende duka la pembejeo ukanunua dawa ya kuku na kukisia kipimo. Mpime panya kwa mzani wa gramu, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo akokotoe kipimo kwa uzito huo. Jike mwenye mimba asipewe doksisaiklini bila ushauri wake, kwa sababu inaweza kuathiri mifupa ya watoto walio tumboni. Nimewahi kuletewa panya aliyekufa kwa ivermectini ya ng'ombe iliyotumiwa na mtu mwenye nia njema kabisa aliyetaka kumwondolea upele. Dawa inayopimwa kwa mnyama wa kilo 300 haina huruma kwa mnyama wa gramu 300.

Acha chakula cha kuku wa mayai. Kimewekewa chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na chokaa hiyo ni mzigo kwa figo za panya. Ikifika Juni, watu wanapoanza kupulizia mikorosho salfa kupambana na ubwiriunga, waingize ndani ya nyumba, kwa sababu vumbi la salfa litakirudisha kifua hicho ulichohangaika kukituliza.

Mjukuu wa Newala — 9 Februari

Naomba niseme kuhusu kuwaachia porini, kwa sababu ushauri huo nauona ukitolewa na watu wengi wasiokusudia ubaya.

Nimekua nikitega panya wa shambani pamoja na babu yangu, na huku kwetu panya ni kitoweo ambacho mgeni huandaliwa. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayeshangaa panya kuuawa. Lakini kwa sababu nimewatega, najua wanavyoishi. Panya wa shamba ana rangi ya udongo, na ukimkosa kwa macho sekunde moja humwoni tena. Huyo wako mweupe ataonekana na bundi, kipanga na nyoka kama karatasi iliyodondoka juu ya majani makavu, na wale wenye macho mekundu hata kuona kwenyewe huona vibaya. Hajawahi kukimbia kitu chochote maishani mwake, kwani kila aliyemkaribia alimletea chakula. Akinusurika siku mbili atafuata harufu ya watu hadi nyumba ya kwanza, na humo atakuta sumu ya panya. Panya hawezi kutapika. Akishaimeza imekwisha kuingia. Kumwachia mikoroshoni ni kumuua kwa njia ambayo hutaishuhudia.

Kwa chakula, wape mtama, uwele au dona lililopikwa, mchicha, boga, tango, na dagaa wachache walioloweshwa kuondoa chumvi. Mkubwa mmoja hutosheka na gramu 15 hadi 20 kwa siku. Karanga zenye ukungu usiwape hata kidogo, kwa sababu ya sumukuvu, wala maharage mabichi, wala mihogo mibichi.

Kijana wa Shangani — 10 Februari

Ndugu zangu, kwani hawawezi kupelekwa Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, wakafundishwe kutafuta mabomu kama wale wengine? Naona ingekuwa njia nzuri ya kuwapa kazi.

Mhitimu wa Morogoro — 10 Februari

Kaka, nia yako ni njema, ila wale ni wanyama tofauti. Panya wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Morogoro ni panya buku, wale wakubwa wenye vifuko mashavuni ambao mmoja hufikia uzito wa kilo moja na zaidi. Huzaliwa na kulelewa hapohapo kwa kazi hiyo. Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, alizaliwa Morogoro mwaka 2013 na aliishi hadi Januari 2022. Panya mweupe hupata miaka miwili, au mitatu akibahatika, hivyo mwalimu ajiandae pia kwa kuagana nao mapema.

Kitu kimoja cha Morogoro kinaweza kumsaidia, nacho ni namna wanavyowazoesha. Panya akifanya sahihi husikia mlio mfupi uleule kila mara, kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga, na hakuna kupiga wala kushtua. Mwalimu, chagua sauti moja, kwa mfano kugonga ulimi mara moja, uitoe kila unapotoa chakula kwa mkono. Fanya hivyo jioni, wanapoamka, usiwaamshe mchana. Weka mkono wako umetulia ndani ya kizimba mpaka waje wenyewe kuunusa. Waliokaa siku nne bila maji wana sababu ya kutomwamini mtu upesi.

Mwalimu wa Chuno — 1 Machi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu mambo yalikuwa mengi.

Usiku uleule wa tarehe 8 niliwatenganisha, nikakuta madume ni wawili na majike wanne. Seremala alinitengenezea vizimba viwili vya wavu wa matundu madogo. Jike mwenye tumbo alizaa usiku wa kuamkia tarehe 15, watoto tisa, wekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Wawili walikufa siku ya pili. Saba wamebaki na leo asubuhi nimemwona wa kwanza amefumbua macho. Mwenye mlio wa kalamu alikuwa dume mkubwa. Daktari wa mifugo alimpa enrofloksasini, na baada ya siku tano mlio ulipungua, lakini jike mmoja ambaye sikumdhania kuwa mgonjwa nilimkuta amekufa ndani ya chungu, wenzake wawili wamemlalia pande zote mbili. Sikuwaondoa hapo hapo. Niliwaacha mpaka walipotoka wenyewe.

Mama mkwe nilimsomea maneno ya afisa mifugo yote, neno kwa neno. Bado hapiti verandani, na glovu zangu hataki zianikwe kamba moja na nguo zake. Ila chungu ni chake. Alikitoa mwenyewe chumbani mwake bila kuombwa, akasema kimepasuka mdomo na hakifai tena kupikia.

Nina maswali mawili. Je, nimeanza vibaya kuwashika vitoto wakiwa na siku kumi? Na hao majike wawili waliobaki nitajuaje kama nao hawakushika mimba kabla sijawatenga?

Mama Wawili, Mikindani — 1 Machi

Pole kwa huyo mmoja, mwalimu. Panya huficha ugonjwa mpaka mwisho, na ndiyo sababu mimi huwapima uzito kila Ijumaa na kuandika ukutani. Anayepungua gramu 20 katika wiki moja namshughulikia hata kama anarukaruka.

Siku kumi si mapema, mradi mama yao anakujua na mikono yako haina harufu ya paka au ya mbwa. Mtoe mama kwanza umpe kipande cha yai la kuchemsha, ndipo uwashike watoto dakika chache mkononi, uwarudishe wakiwa bado na joto. Katika majuma haya mama anahitaji chakula kizito kuliko wote: yai kila baada ya siku mbili, dagaa, na maji yasikauke hata saa moja.

Kuhusu hao majike wawili, hesabu yenyewe iko upande wako. Uliwatenga tarehe 8 Februari, na mimba haizidi siku 23 isipokuwa kwa mama anayenyonyesha, ambaye mimba yake huweza kuchelewa. Hawa hawanyonyeshi, ikipita tarehe 3 Machi, ongeza siku mbili za tahadhari, kisha ulale usingizi. Mama wa vitoto hakuwa na dume usiku aliozaa, hivyo yeye hana wasiwasi.

Vitoto wataanza kula wenyewe kuanzia wiki hii, na wataacha kunyonya wakifikisha wiki tatu hadi nne. Andika tarehe 20 Machi kwenye mlango wa kizimba kwa kalamu isiyofutika. Siku hiyo watakuwa wanakaribia wiki tano, na madume wadogo wote lazima wawe wametoka kwa mama yao na kwa dada zao. Usiwaunganishe na madume wakubwa siku hiyohiyo; wawekee vizimba karibu kwanza, wabadilishane matandiko kwa siku kadhaa.

Mimi ninayo nafasi ya madume wadogo wawili, lakini lazima wawe wawili, sitachukua mmoja. Nitakuja Chuno tarehe hiyo na kizimba changu cha kubebea, jioni jua likishapoa, maana daladala la mchana lina joto mno kwao.